Entebbe hadi London, Guangzhou au New York: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na saa za safari

Anayesafiri mbali kutoka Uganda huuliza mambo mawili: ni kilomita ngapi, na ni saa ngapi. Majibu anayopewa hayalingani. Wakala wa tiketi anamwambia saa nane na kitu, tiketi yenyewe ukiitazama kwa haraka inaonyesha saa kumi na mbili, na ndugu aliyeko huko ng'ambo anamwambia ajiandae kwa siku nzima. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa kuwa kila mmoja anapima kitu chake. Wa kwanza anahesabu muda wa ndege moja, wa pili anatoa saa ya ukutani ya mji mmoja kwenye saa ya ukutani ya mji mwingine, wa tatu anahesabu kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba.

Hesabu hizi zote unaweza kuzifanya mwenyewe kwa simu, na kwa msafiri wa Uganda ni rahisi kuliko kwa watu wengi duniani.

Umbali wa mstari mnyoofu

Njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili juu ya dunia huitwa duara kuu. Chukua tufe la ramani, vuta uzi kutoka Entebbe hadi New York mpaka ukaze: pale unapolala uzi ndipo ilipo njia. Kwenye ramani bapa ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda, ndiyo maana anayepima kwa rula kwenye ramani hiyo hupata jibu la uongo. Uzi wa Entebbe hadi New York hauelekei magharibi moja kwa moja kama wengi wanavyodhani. Unaanza kwa kuelekea kaskazini magharibi, unavuka Niger na Algeria, unatokea kusini mwa Morocco, kisha ndipo unaingia Atlantiki.

Kanuni kamili ya duara kuu ni ndefu kidogo, lakini uwanja wa Entebbe uko nyuzi 0.04 tu kaskazini ya Ikweta, yaani chini ya kilomita tano kutoka mstari ule ule unaokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe. Kwa sababu hiyo nusu nzima ya kanuni inakuwa karibu na sifuri na unaweza kuiacha. Kinachobaki ni hiki:

1. Tafuta latitudo (nyuzi za kaskazini au kusini mwa Ikweta) na longitudo (nyuzi za mashariki au magharibi) ya uwanja unaokwenda. Ya Entebbe ni longitudo 32.44 mashariki.
2. Pata tofauti ya longitudo. Mji ukiwa mashariki (E), toa namba ndogo kwenye kubwa. Ukiwa magharibi (W), jumlisha. Jibu likizidi 180, litoe kwenye 360.
3. Kwenye kikokotoo cha simu, kwa kitufe cha cos (kosaini), zidisha cos ya latitudo kwa cos ya tofauti ya longitudo.
4. Bonyeza cos⁻¹ ya jibu hilo. Unapata nyuzi.
5. Zidisha nyuzi hizo kwa 111.2. Hizo ndizo kilomita.

Tuchukue uwanja wa Gatwick, London, ambao Uganda Airlines ilianza kuruka kwenda mwezi Mei 2025. Uko latitudo 51.15 kaskazini na longitudo 0.19 magharibi. Kwa kuwa ni magharibi, tunajumlisha: 32.44 na 0.19 ni 32.63. Cos ya 51.15 ni 0.6273, cos ya 32.63 ni 0.8422, na zao lake ni 0.5283. Cos⁻¹ ya hiyo ni nyuzi 58.11. Mara 111.2, unapata kilomita 6,462. Programu za ramani zinazozingatia kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zitakupa pungufu kwa kilomita kumi au ishirini, na kwa kupanga safari tofauti hiyo haina uzito.

Kikokotoo chenyewe ndicho huharibu hesabu za wengi. Simu nyingi huonyesha cos ukiilaza simu ubavu, na nyingine hufungua zikiwa kwenye RAD (kipimo kingine cha pembe) badala ya DEG (nyuzi). Kabla ya kuanza, piga cos 60. Ukiona 0.5, endelea. Ukiona -0.95, uko kwenye RAD, na kila utakachopata baada ya hapo ni takataka. Kosa la pili ni kutoa pale panapotakiwa kujumlisha: New York iko longitudo 73.78 magharibi, kwa hiyo tofauti ni 106.22, si 41.34. Ukikosea hapo New York inakusogelea kwa kilomita elfu kadhaa. Na usishtuke cos ya 106.22 ikitoka na alama ya kutoa. Iache hivyo hivyo, cos⁻¹ itajua la kufanya.

Mji ukiwa kusini mwa Ikweta kanuni haibadiliki. Hapa kuna viwanja vinavyoulizwa sana, ili ujipime kama umeelewa:

- Johannesburg (26.13 S, 28.24 E): kama km 2,940
- Dubai (25.25 N, 55.36 E): kama km 3,730
- Istanbul (41.28 N, 28.75 E): kama km 4,600
- Mumbai (19.09 N, 72.87 E): kama km 4,890
- Amsterdam (52.31 N, 4.76 E): kama km 6,360
- Guangzhou (23.39 N, 113.30 E): kama km 9,075
- New York, JFK (40.64 N, 73.78 W): kama km 11,365

Asiyetaka hesabu afungue Google Maps kwenye simu, abonyeze Entebbe kwa muda mpaka pini itokee, achague kupima umbali, kisha asogeze ramani hadi mji wa pili. Jibu ni la duara kuu hilo hilo. Marubani wenyewe hupima kwa maili za baharini, moja ikiwa mita 1,852. Ukikutana na namba hiyo zidisha kwa 1.852 upate kilomita.

Ndege haifuati uzi

Sasa ongeza kitu juu ya hizo kilomita, kwa sababu hakuna ndege ya abiria inayopita kwenye uzi ule kwa usahihi. Anga ina njia zake zilizopangwa, mawingu ya radi ya ukanda wa Ikweta hukwepwa, na ikikaribia kutua ndege huzungushwa mpaka ipangwe kwenye foleni. Kwa safari za mashariki kama Dubai na Mumbai, ongeza asilimia 4 au 5.

Ulaya ni habari nyingine. Ukichora uzi wa Entebbe hadi London, unapita Sudan Kusini, Darfur, pembe ya Chad, kisha Libya. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 anga ya Sudan ilifungwa, na mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa Libya kwa miaka. Ndege inabaki na uchaguzi wa kuzunguka kwa mashariki, juu ya Ethiopia, Bahari ya Shamu na Misri, au kwa magharibi kupitia Afrika ya Kati, Niger na Algeria. Kwa safari za Ulaya ongeza asilimia 8 hadi 10. Hapo ndipo inapotoka ile nusu saa na zaidi ambayo tovuti za kukadiria umbali hazikuambii, maana zenyewe zinahesabu uzi mtupu.

Ukitaka kujua kwa hakika, chukua namba ya ndege iliyo kwenye tiketi na uiandike kwenye Flightradar24, tovuti inayofuatilia ndege zikiwa angani. Bila kulipia utaona safari za siku saba zilizopita za namba hiyo: iliondoka lini, ilitua lini, ilipita wapi. Safari hizo za kweli zinakupa picha nzuri kuliko makadirio yoyote.

Kutoka kilomita hadi saa

Ndege kubwa kama Airbus A330-800, aina ambayo Uganda Airlines inazo mbili, husafiri kwa kama kilomita 870 kwa saa ikiwa juu. Lakini haitumii mwendo huo tangu mwanzo. Inatembea ardhini kutoka sehemu ya maegesho, inapanda kwa zaidi ya dakika ishirini, na inaanza kushuka kilomita mia mbili hivi kabla ya kufika. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni hii: gawa kilomita za njia halisi kwa 850, kisha ongeza dakika 40.

Gatwick: 6,462 ukiongeza asilimia 8 ni 6,979. Gawa kwa 850 ni saa 8.21, yaani saa 8 na dakika 13. Ongeza dakika 40: saa 8 na dakika 53. Dubai kwa njia hiyo hiyo inakuja kama saa 5 na robo, Mumbai kama saa 6 na dakika 40. Kwa ndege ndogo za CRJ900 ambazo huhudumia miji ya jirani, tumia 800 badala ya 850.

Kuwa mwangalifu na nukta. Saa 8.2 si saa 8 na dakika 20. Zidisha kile kilicho baada ya nukta kwa 60: 0.2 mara 60 ni dakika 12.

Muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu magurudumu yanapoanza kusogea kwenye maegesho hadi yanaposimama uwanja wa pili, na mashirika huweka akiba kidogo humo ili ndege isihesabiwe imechelewa. Ndiyo maana unaweza kuondoka umechelewa dakika ishirini na bado ukatua kwa wakati.

Upepo nao una sehemu yake. Katika anga ya juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa kaskazini ya mbali na hasa majira ya baridi. Safari ya Entebbe hadi London ni ya kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo mkondo huo hauigusi sana. Kati ya Amsterdam na New York, kwenda huchukua kama saa nane na kurudi kama saa saba. Guangzhou ni kinyume: kwenda unasukumwa, kurudi unapingwa, na tofauti inaweza kufika saa nzima au kuzidi.

Jambo jingine ambalo abiria hushangaa nalo ni kutua njiani kuongeza mafuta. Hewa ya viwanja vya nyanda za juu ni nyepesi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha kuinua na injini nazo hudhoofika, hivyo ndege haiwezi kupaa na mafuta tele pamoja na abiria wote. Entebbe iko mita 1,150 hivi juu ya bahari na ina njia ya kurukia ya mita 3,658, kwa hiyo inavumilika. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300. Ndiyo sababu safari nyingi za kutoka Addis kwenda Marekani hutua mahali kuchukua mafuta, wakati zile za kurudi huja moja kwa moja. Ukiona saa za kwenda zimezidi za kurudi kwenye tiketi ya Washington, usidhani ni kosa la uchapaji.

Ikikuwia vigumu kuvumilia saa tisa kwenye kiti, kumbuka Entebbe ilikuwa kituo kwenye safari ya kwanza kabisa ya abiria kwa ndege ya jeti duniani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg baada ya karibu saa 24.

Kubadilisha ndege: wapi na kwa muda gani

Miji mingi ya mbali haina ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Swali linakuwa upitie wapi. Watu huangalia bei tu, lakini hesabu ya umbali inakuonyesha mapema ni njia ipi inakuzungusha.

Kipande kisichoanzia Entebbe kinahitaji kanuni kamili: sin ya latitudo ya kwanza mara sin ya latitudo ya pili, ujumlishe na cos ya kwanza mara cos ya pili mara cos ya tofauti ya longitudo, halafu cos⁻¹ na 111.2 kama kawaida. (Mji wa kusini hapa unaandika latitudo yake na alama ya kutoa.) Addis Ababa iko 8.98 N, 38.80 E. Addis hadi Guangzhou: sehemu ya sin ni 0.062, sehemu ya cos ni 0.242, jumla 0.304, nyuzi 72.3, sawa na kilomita 8,040. Ongeza Entebbe hadi Addis, kilomita 1,220, unapata 9,260. Uzi mnyoofu ulikuwa 9,075. Kupitia Addis kunakupotezea kilomita 185 tu, yaani dakika kumi na tano hivi za kuruka. Kupitia Dubai jumla ni kama 9,560, bado si kitu. Anayekupeleka Guangzhou kupitia Ulaya anakupitisha zaidi ya kilomita 15,000, na bei nafuu ya tiketi hiyo utailipa kwa mgongo na miguu iliyovimba.

Kwa hiyo kati ya Addis na Dubai, kinachoamua ni muda wa kungoja. Saa sita uwanjani ni sawa na kilomita 5,000 za hewani. Angalia hilo kwanza.

Muda wa kungoja ukiwa mfupi mno nao ni hatari. Tiketi ikiwa moja kwa safari nzima, shirika ndilo lenye jukumu: ndege ya kwanza ikichelewa, wanakutafutia nyingine. Hapo saa mbili hadi tatu zinatosha kabisa, hata saa moja na nusu kwenye uwanja mmoja unaouzoea. Lakini ukinunua tiketi mbili tofauti, tuseme moja ya Nairobi na nyingine ya kutoka Nairobi kuendelea, kila shirika linakuona mgeni. Itabidi upite uhamiaji, uchukue sanduku, utoke, uingie upya kama abiria anayeanza safari. Acha saa tano angalau, na kama ndege ya pili ndiyo pekee kwa siku hiyo, lala huko usiku mmoja. Anayepoteza ndege ya pili kwenye tiketi tofauti hununua nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Mambo mawili zaidi ya kuangalia kwenye tiketi. London ina viwanja kadhaa, na tiketi inaweza kukushusha Gatwick ikakupandisha Heathrow. Kati yao ni safari ya gari ya zaidi ya saa moja, na mwenye pasipoti ya Uganda kwa kawaida hawezi kutoka nje bila viza ya Uingereza. Na ukiingia Marekani, uwanja wa kwanza unaotua ndio unaokaguliwa, hata kama unakwenda mbele: unachukua mzigo, unapita forodha, unaukabidhi tena. Usikubali chini ya saa tatu hapo.

Pia neno "moja kwa moja" linaweza kukuficha kitu. Baadhi ya ndege za Ulaya zinazohudumia Entebbe hutua Kigali, kilomita 340 tu kutoka hapa, kwa namba ile ile ya ndege. Hushuki, lakini kushusha na kupakia abiria, kupaa na kutua tena kunaongeza saa mbili hivi. Angalia mstari wa "vituo" kwenye ratiba.

Saa za ukutani

Hapa ndipo watu hupotea kuliko popote. Saa zote za kwenye tiketi ni za mji husika: ya kuondoka ni ya Entebbe, ya kufika ni ya huko. Huwezi kuzitoa moja kwa nyingine ukapata muda wa safari.

Njia salama ni kufanya hesabu yote kwa saa za Uganda tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ubadilishe mara moja tu, pale mwisho. Nairobi, Addis Ababa, Doha na Istanbul zina saa sawa na zetu mwaka mzima. Dubai iko mbele saa 1, Guangzhou mbele saa 5. India iko mbele saa 2 na nusu, na ile nusu husahaulika sana. Johannesburg iko nyuma saa 1. Uganda haibadilishi saa, lakini Ulaya na Marekani hubadilisha: London iko nyuma yetu saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa 3 miezi mingine, Amsterdam ni saa 1 na saa 2. New York iko nyuma saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa 8 miezi mingine. Tarehe zao hazilingani, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Oktoba hesabu ya kukariri inaweza kukosea kwa saa nzima.

Mfano: mwezi Januari mtu anaondoka Entebbe Ijumaa 23:30 kwenda New York kupitia Amsterdam. Kipande cha kwanza saa 8 na dakika 30, kungoja saa 3 na dakika 30, kipande cha pili saa 8 na dakika 15. Jumla ni saa 20 na dakika 15. Kwa saa ya Uganda anatua Jumamosi 19:45. Toa saa 8: New York ni Jumamosi 11:45 asubuhi. Tiketi itaonyesha 23:30 na 11:45, na asiyejua atasema ni saa kumi na mbili na robo. Wakati wa kurudi saa nane hizo zitaongezeka upande wa pili, na safari ile ile itaonekana imekula zaidi ya siku nzima.

Halafu kuna hili la kwetu. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Ukisoma 02:15 kama saa mbili na robo, umeikosa ndege. Fanya hivi: tiketi ikiwa kati ya 00:00 na 06:59, ongeza 6. Ikiwa kati ya 07:00 na 18:59, toa 6. Ikiwa 19:00 na kuendelea, toa 18. Kwa hiyo 02:15 ni saa nane na robo usiku, 13:00 ni saa saba mchana, 20:45 ni saa tatu kasoro robo usiku.

Na tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku, si jua linapochomoza. Tiketi ikisema Ijumaa 00:25, lazima uwe Entebbe Alhamisi jioni. Anayekwenda Ijumaa usiku anakuta ndege yake iliondoka karibu siku nzima iliyopita, na kaunta haitakuwa na la kumsaidia. Andika kwenye karatasi, kwa maneno: "Natoka nyumbani Alhamisi saa moja jioni." Karatasi hiyo isomwe na kila anayekusindikiza.

Kutoka nyumbani hadi getini

Kampala hadi uwanjani ni kilomita 40 hivi. Usiku wa manane ni dakika arobaini na tano. Jioni ya siku ya kazi, kwa barabara ya zamani ya Kajjansi, hesabu saa mbili, na mvua ikinyesha ongeza. Barabara ya kulipia hupunguza sana, shilingi 5,000 kwa gari dogo, ila foleni yenyewe mara nyingi iko kabla ya kuifikia, kwenye njia za kutokea mjini.

Kabla ya jengo la abiria kuna ukaguzi: abiria wanaweza kushushwa na kupita kwa miguu huku gari likikaguliwa. Jioni ndege kadhaa zikiondoka kwa kufuatana, hapo peke yake panaweza kula nusu saa. Kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na aliyefika dakika 55 kabla hachukuliwi hata ndege ikiwa bado imesimama mbele yake. Fika saa tatu kabla. Kwa mtu wa Kampala, hiyo ina maana ya kutoka nyumbani saa tano kabla ya muda ulio kwenye tiketi. Anayetoka Mbarara, kilomita 270 hivi kutoka Kampala, au Gulu, zaidi ya 300, asijaribu kuunganisha basi na ndege siku hiyo hiyo. Basi likipata pancha safari yote inakwenda. Alale Entebbe au Kampala.

Msafiri wetu wa New York basi anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni. Safari saa 20 na dakika 15, saa tano za kabla, saa moja na nusu ya uhamiaji na mzigo JFK, saa moja ya gari kuingia mjini: karibu saa 28 kwa uzi wa kilomita 11,365.

Kwa anayekuja kukupokea wakati wa kurudi, mpe vitu vitatu: namba ya ndege, siku, na saa ya kutua kwa saa ya Kiswahili. Namba ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa akiwa nayo ataona kwenye simu kama ndege imechelewa kuondoka huko ilikotoka, na hatalipia maegesho bure. Baada ya magurudumu kugusa ardhi, mtu mwenye sanduku hutoka nje kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, kutegemea ni ndege ngapi zimetua pamoja.